Saa Moja ya Tekno Ufukweni Bagamoyo na Makosa Yaliyonigharimu

Simu ya mwaliko ilinikuta nimeinamia amplifaya ya ukumbi mmoja wa harusi hapa Ngamiani, Tanga, transfoma yake imeungua na duka zima linanuka vanishi. Aliyepiga alijitambulisha kuwa mmoja wa waandaaji wa tamasha kubwa la muziki ambalo lingefanyika ufukweni Bagamoyo kwa siku tatu, lenye majukwaa matatu. Aliniambia kwamba walikuwa wameona video yangu fupi nikipiga tekno, muziki wa kielektroniki wa kucheza, kwa mashine zangu, hivyo wangependa niwapigie mubashara kwa saa moja, usiku wa pili, kuanzia saa sita na nusu. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Sikuuliza meza ya jukwaani ina ukubwa gani, umeme unatoka wapi, nani ananitangulia, wala malipo yanatolewa lini. Nilirudi kwenye transfoma yangu, na kwa wiki nzima nikawa natembea Barabara ya 12 kama mtu aliyeokota dhahabu.

Mimi ni fundi redio kwa kazi na nimekuwa DJ wa harusi kwa miaka minane. Nimepiga kwenye sendofu, kichenpati na vigodoro vilivyokesha hadi adhana ya alfajiri, kwa hiyo umati haunitishi. Kilichonishinda Bagamoyo hakikuwa watu, kilikuwa ni vitu: nyaya, umeme, spika, na karatasi ambayo sikuiandika. Yeyote anayejiandaa kupiga mashine zake kwenye jukwaa kubwa kwa mara ya kwanza atakutana na hayo hayo, na heri ayajue akiwa bado nyumbani.

Kabla ya hapo niseme neno kuhusu muziki wenyewe, kwa sababu watu wengi hapa mjini huniambia kwamba napiga muziki wa Wazungu. Tekno ilizaliwa Detroit, Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana weusi, na watatu wanaotajwa kwanza ni Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma pamoja huko Belleville, nje kidogo ya mji huo. Berlin iliupokea muziki huo kwa mikono miwili baada ya ukuta uliougawa mji huo kuanguka mwaka 1989, ndiyo maana leo wengi hudhani ni wa Wajerumani. Mashine ya ngoma iliyoujengea jina, Roland TR-909, ilitengenezwa kati ya 1983 na 1985 tu. Haikupata wanunuzi wengi, ikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, na huko ndiko vijana wasio na fedha walikoiokota. Aliyewahi kusikia mchiriku wa Uzaramoni, uliosimama juu ya vinanda vidogo vya Casio na spika za mdomo wa tarumbeta, ataelewa mara moja kwa nini fundi redio wa Tanga alivutwa na muziki wa namna hiyo.

Shida yangu ya kwanza ilianzia kwenye neno "mubashara". Kwa waandaaji wengi wa hapa nchini, kupiga mubashara ni kuwa na bendi: gitaa, ngoma, waimbaji, maikrofoni. DJ, kwa upande mwingine, ni mtu anayekuja na flashi mfukoni, akakuta mashine mbili za kuchezea nyimbo na miksa katikati, akaanza kazi. Mimi sikuwa katika kundi lolote kati ya hayo. Anayepiga tekno mubashara hachezi nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, bali anakuja na mashine ya ngoma, sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme), kompyuta ya mpakato na miksa yake mwenyewe, na anaujenga muziki pale pale mbele ya watu, sauti moja baada ya nyingine, huku akipunguza na kuongeza kwa mkono. Mashine hizo huambatanishwa kwa mapigo ya MIDI, lugha ambayo vyombo vya kielektroniki huongeleana, mapigo 24 kwa kila noti ya robo, ili zote ziende mwendo mmoja. Uzi wa mapigo hayo ukikatika, kila mashine inakwenda njia yake, na wewe unabaki katikati kama mwalimu aliyekimbiwa na wanafunzi.

Waandaaji waliponiomba orodha ya mahitaji yangu ya kiufundi, niliwatumia picha ya meza yangu kwa simu, nimeipiga dukani, nikaandika chini yake: "Nahitaji nafasi na umeme." Nilidhani picha inajieleza. Kumbe picha ile ilifika kwa mtu wa masoko, akaipenda, akaiweka kwenye matangazo, na fundi wa sauti hakuiona kamwe. Siku hizi naandika ukurasa mmoja kamili. Ndani yake nataja meza ya urefu wa mita moja na nusu isiyotikisika, soketi sita za umeme upande wangu wa kushoto, njia mbili za sauti kutoka kwenye miksa yangu, visanduku viwili vya DI (vinavyopitisha sauti kwenda kwenye mitambo ya jukwaa na kusaidia kukata mvumo), na spika mbili za jukwaani zinazonielekea mimi, ninazoweza kuziongeza na kuzipunguza mwenyewe. Chini yake nachora meza kwa mkono, nikionyesha kila waya unatoka wapi na unaingia wapi. Kisha naomba namba ya fundi wa sauti mwenyewe, nampigia, na simwachi mpaka anisomee ukurasa huo. Mwandaaji hukasirika kidogo ninapofanya hivyo, lakini fundi hufurahi kila mara.

Kuhusu fedha nitakuwa mkweli, kwa sababu ni jambo ambalo wasanii hulizunguka. Tulikubaliana shilingi 1,500,000, na makubaliano yenyewe yalikuwa ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini. Nilitanguliziwa 500,000, na salio la milioni moja lilikuwa lilipwe ndani ya siku kumi na nne baada ya tamasha. Nyaya mpya na kisanduku kimoja cha DI vilinigharimu 180,000, usafiri wa watu wawili na mizigo kwenda na kurudi 160,000, mdogo wangu wa kiume niliyemwomba anisaidie nilimpa 150,000, nyumba ya wageni usiku mbili 100,000, na chakula 70,000. Jumla ni 660,000, maana yake nilikwenda kwenye jukwaa kubwa kuliko yote maishani mwangu nikiwa na deni la 160,000 kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani. Mama yangu, ambaye ni mweka hazina wa kikoba hicho, aliandika jina langu kwenye daftari bila kunitazama usoni.

Tuliondoka Tanga alfajiri. Njia inajulikana: Muheza, Segera, Kabuku, Mkata, unavuka Wami, unashuka Msata, halafu unashika barabara ya kwenda Bagamoyo. Kosa langu la safari lilikuwa kukubali mashine ya ngoma iwekwe kwenye buti la basi. Nilikuwa nimeifunga vizuri kwa godoro la sponji, lakini sikuwa nimefikiria joto wala vumbi, na tulipofungua sanduku Msata, vitufe viwili vilikuwa vimelegea na kimoja hakikuitika mpaka nilipokisafisha kwa spiriti pale pale stendi, abiria wakinizunguka wakidhani nauza dawa. Tangu siku hiyo mashine ya ngoma hukaa mapajani mwangu, na kama kondakta anataka nauli ya kiti cha pili, nalipa.

Tulifika uwanjani saa nane mchana. Muda wangu wa kujaribu mitambo ulikuwa saa tisa. Saa tisa jukwaa lilikuwa bado linafungwa taa, saa kumi na moja bendi ya usiku wa kwanza ilikuwa bado inapakia vyombo vyake, na saa kumi na mbili jua lilipokuwa linazama, kijana mwenye redio ya mkononi alikuja kunieleza kwa upole kwamba majaribio yote yaliyobaki yamefutwa. Nilitaka kulia. Fundi mkuu wa sauti, mzee mmoja mwenyeji wa Bagamoyo aliyekuwa amekaa juu ya sanduku la spika akila muhogo, aliniona.

"Shikamoo baba," nilimwambia.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye wa mashine?"

Nilimwonyesha meza yangu. Aliitazama kwa muda, akafuta mikono, akauliza kwa nini hakupewa karatasi. Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba jukwaani kuna mashine mbili za DJ na miksa moja, na kwamba yeye alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye flashi. Hata hivyo hakunifukuza. Alinitafutia meza ya plastiki kutoka kwa mama lishe mmoja, akaifunga miguu kwa gundi ya turubai ili isitikisike, na akaniambia niunganishe kila kitu nyuma ya pazia, niwashe, nisikilize kwa hedifoni, ili zamu yangu ikifika tubebe meza nzima na kuisogeza mbele ikiwa tayari. Njia hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo. Ukifanya mchanganyiko wako wote ndani ya miksa yako ndogo na kumpa fundi njia mbili tu, kushoto na kulia, hata majaribio yakifutwa unakuwa na uhakika na nusu ya kazi.

Nilipounganisha mara ya kwanza, spika zilitoa mvumo mzito, ule ambao kila fundi redio anaujua tangu siku ya kwanza ya kazi. Ni sauti ya umeme wenyewe, mizunguko 50 kwa sekunde, inayoingia kwenye nyaya pale vifaa viwili vinapopata ardhi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini, kwa njia mbili tofauti. Chanzo kilikuwa chaja ya kompyuta yangu. Nilipoichomoa, kimya kikarudi. Kwa kuwa nilikuwa na kisanduku kimoja tu cha DI badala ya viwili, sikuwa na njia ya kuukata mvumo huo pande zote, kwa hiyo niliamua kupiga seti nzima kwa betri ya kompyuta. Betri hiyo ilikuwa ya mwaka wa tano na ilidumu kama dakika hamsini ikiwa na afya njema. Seti ilikuwa ya dakika sitini. Mimi ninayewahesabia watu ampea na volti kila siku nilipiga hesabu hiyo nikaiona, kisha nikajifanya sikuiona.

Usiku unyevu wa bahari ulianza kushuka. Bagamoyo, kama Tanga, ina hewa ya chumvi inayokaa juu ya chuma kama jasho, na vidude vya kuongezea sauti vikiingia unyevu vinakwaruza. Nilifunika meza yote kwa kanga mbili za mama na sikuzifunua mpaka dakika ya mwisho. Hili, angalau, nililifanya vizuri.

Aliyenitangulia alikuwa DJ wa singeli kutoka Dar es Salaam. Asiyeijua singeli aelewe kwamba ni muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam na mwendo wake huzidi mapigo 200 kwa dakika bila kuona haya. Kijana huyo aliwasha uwanja. Watu walikuwa wanaruka, wanapiga filimbi, wengine wamebeba madumu matupu ya maji na kuyapiga kwa viganja. Yeye alipomaliza, watu walipiga kelele za kutaka aendelee, na katikati ya kelele hizo ndipo sisi tukawa tunasukuma meza ya plastiki ya mama lishe kuelekea kwenye taa.

Nilianza kwa mapigo 128 kwa dakika, kama nilivyokuwa nimefanya mazoezi dukani kwa miezi miwili. Kwa sikio lililotoka kwenye 200, mwendo huo ni kama basi lililofika kwenye mizani. Niliona watu wa mbele wakigeuka kutafuta vinywaji. Hofu ikanishika, na nikafanya kile ambacho kila anayehofu jukwaani hufanya: nikatoa kila kitu. Besi, kofi, sahani, sinthesaiza, sauti ya ukelele wa mlango niliyoirekodi nyumbani, vyote ndani ya dakika kumi na mbili. Tekno haiendi hivyo. Ni muziki wa subira. Msikilizaji anapewa pigo moja, analizoea, ndipo unamwongezea kitu kidogo ambacho hakukitarajia, na mara nyingi kinachomtikisa ni kile ulichokiondoa. Mimi dakika ya kumi na mbili nilikuwa sina cha kuongeza wala cha kuondoa.

Juu ya hayo, spika moja ya jukwaani ilikuwa haitoi sauti na nyingine ilikuwa imeelekezwa mahali ambapo mwimbaji angesimama. Nikavua hedifoni nikawa nafuata sauti niliyokuwa naisikia, nisijue kwamba ni ile iliyokuwa inagonga ukuta wa jengo lililo ng'ambo ya uwanja na kunirudia. Jengo lile lilikuwa umbali wa kama mita 60. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde katika hewa ya joto kama yetu, kwa hiyo kwenda na kurudi mita 120 ni theluthi moja ya sekunde na zaidi kidogo. Kwa mwendo wa 128, pigo moja huchukua karibu nusu sekunde. Maana yake nilikuwa ninabonyeza sauti ya kofi kwa mkono kwa kufuata pigo lililokwisha kupita kwa takriban robo tatu yake. Mashine zilikuwa sahihi, nyuzi za MIDI zilikuwa sahihi, mkono wangu peke yake ndio uliokuwa umepotea, na kila aliyekuwa mbele aliusikia. Usivue hedifoni zote mbili kwenye jukwaa kubwa. Acha sikio moja ndani muda wote, hata kama spika za jukwaani ni nzuri.

Dakika ya ishirini na tatu jenereta ilizimika.

Taa zote zilikufa pamoja na spika, na kwa sekunde chache nilisikia bahari. Kompyuta yangu ilikuwa inawaka kwa sababu ilikuwa kwenye betri, lakini mashine ya ngoma, ambayo haina betri, ilizimika na kila nilichokuwa nimekipanga ndani yake bila kukihifadhi. Nasema tena kwa herufi ninazoweza: hifadhi kila mpangilio kabla ya kupanda jukwaani, na kama mashine yako inaruhusu, weka nakala kwenye kadi. Mimi nilikuwa nimebadilisha mipangilio nyuma ya pazia jioni ile na sikubonyeza kitufe cha kuhifadhi, kwa sababu nilitaka "kuibadilisha tena baadaye".

Umati haukuondoka. Vijana wa madumu waliendelea kupiga kwa mwendo ule ule wa singeli, filimbi zikifuata, na gizani sauti ile ilikuwa safi kuliko chochote kilichotoka kwenye spika usiku ule. Nilikuwa sina la kufanya ila kusikiliza. Programu niliyokuwa ninaitumia ina kitufe cha kugonga ili kupima mwendo, nikaweka kidole changu juu yake nikafuata dumu. Kioo kikaonyesha 199. Nikakaa nikitazama namba hiyo, na kitu ambacho nimekihesabu mara elfu kwenye mitambo ya redio kikanijia: theluthi mbili ya 199 ni 132 na ushei. Kwa mwendo wa 132 na ushei, kila ninapopiga mapigo mawili, wao wanapiga matatu, na tunakutana mwanzoni kila mara.

Umeme ulirudi baada ya kama dakika nne, kutoka jenereta ya pili. Mzee wa sauti alinifikia akiwa anahema, akaniuliza kama nina flashi yenye muziki wowote ili aiweke kwenye mashine za DJ wakati mimi najipanga. Nilikuwa nayo, na ndani yake nilikuwa nimerekodi seti yangu nzima kama tahadhari. Mashine ilikataa kuisoma. Flashi ile nilikuwa nimeifomati kwa mfumo wa NTFS, ambao mashine za madijei hazisomi. Ingepaswa kuwa FAT32, na ingepaswa kujaribiwa kwenye mashine halisi siku moja kabla. Leo natembea na flashi mbili, zote FAT32, zote zimejaribiwa, moja kwangu na nyingine kwa mdogo wangu.

Basi nikaanza na mashine tupu. Nikaiweka kwenye mizani ya tatu-tatu, ambapo kipande kimoja cha muziki kina hatua 12 badala ya 16. Pigo la besi nikaliweka kwenye hatua ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, hakuna kingine. Nikaliachia peke yake kwa muda mrefu kuliko nilivyothubutu mazoezini. Mwanzoni madumu na besi vilisikika kama vinagombana. Kisha nikaongeza sauti kavu ya kijiti kwenye hatua ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11, taratibu, nikiipandisha kutoka sifuri, na mahali fulani kati ya kutosikika na kusikika, wale vijana wa madumu wakatambua kwamba ni wao. Sijui niieleze vipi. Uwanja mzima ulishuka magoti kidogo kwa wakati mmoja.

Nusu saa iliyofuata niliipiga kwa vitu vinne tu. Niliondoa besi, nikairudisha, nikaondoa kijiti, nikaacha madumu yabaki peke yao, nikairudisha besi. Hofu ilikuwa imeondoka kwa sababu sikuwa na chochote cha kuficha. Lakini ile hesabu niliyojifanya sikuiona ilikuwa inanisubiri: dakika saba kabla ya kumaliza, betri ya kompyuta ilionyesha asilimia 9. Nikachomeka chaja, na mvumo wa mizunguko 50 ukarudi, mnene, uwanja wote ukiusikia. Hapo ndipo ufundi wa redio ulinifaa kuliko udijei. Noti ya G ya chini kabisa kwenye sinthesaiza yangu ni mizunguko 49 kwa sekunde. Niliipandisha kwa kidude cha kurekebishia sauti, karibu theluthi ya nusu-toni, mpaka noti na mvumo vikaacha kupigana na kuwa sauti moja, nikaishikilia chini ya madumu kama zumari lisilochoka. Watu walidhani ni sehemu ya muziki. Ilikuwa imekuwa sehemu ya muziki.

Wakati tunafungasha nyaya, mzee wa sauti alikuja akakaa juu ya sanduku lake lile lile. Aliniambia kwamba alisomea ngoma Bagamoyo hapa hapa enzi hizo ikiitwa Chuo cha Sanaa, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo wote tunakiita TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Bila kusema zaidi, akaanza kugonga kifuniko cha sanduku, mkono wa kushoto mawili, mkono wa kulia matatu, bila kutazama mikono yake.

"Binti, hiki ulichokipiga baada ya umeme kurudi, umekitoa wapi?"

"Kwa vijana wa madumu, baba. Nilipima kwa kompyuta."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kwa kompyuta! Ungekuja saa nane mchana ungeniuliza mimi."

Nimewaza mara nyingi kuhusu jibu lile. Nilikuwa nimetumia miezi miwili kujifunza namna Detroit na Berlin zinavyopiga, na saa kumi nzima uwanjani nikihangaika na nyaya, na wakati wote huo mtu ambaye angeweza kunionyesha mlango wa kuingilia kwenye masikio ya watu wale alikuwa ameketi mita tano kutoka kwangu akila muhogo. Sasa nikifika kwenye tamasha lolote, hata kabla ya kufungua sanduku, naulizia anayenitangulia anapiga mwendo gani. Nikiambiwa 200, naanza 133. Nikiambiwa 180, naanza 120. Nikikuta mzee kwenye mitambo, namwamkia, kisha naomba anigongee ngoma ya mahali pale.

Masikio yangu yalilia kwa siku tatu. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama unagawanywa kwa mbili, hivyo kwa desibeli 100 unabakiwa na dakika 15 tu. Mimi nilikuwa pembeni ya spika tangu saa mbili usiku bila chochote masikioni. Fundi redio asiyesikia vizuri ni kama mpishi asiyeonja, kwa hiyo ile jozi ya vizibo vya masikio ninayoibeba siku hizi naihesabu kuwa kifaa cha kazi sawa na bisibisi.

Salio la malipo liliingia siku ya sabini na tatu, likiwa limekatwa kodi ya zuio ambayo kwenye ule ujumbe wa sauti haikutajwa. Sasa nadai mkataba wa maandishi, wenye tarehe ya malipo na maelezo ya nani analipa kodi gani, na nadai nusu kabla ya kusafiri. Mwandaaji mmoja aliniambia kwamba kwa DJ hayo ni madai makubwa. Nilimwambia atafute mwingine, na baada ya siku mbili akarudi.

Siku pesa ilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Alifungua daftari la kikoba, akakata deni langu kwa mstari mmoja mnyoofu wa rula, akaniuliza kanga zake ziko wapi. Moja nilikuwa nayo. Nyingine ilikuwa imebaki Bagamoyo, juu ya meza ya plastiki ya mama lishe.